Chumba Kimoja, Kazi za Nyumba Nzima

Wagonjwa wengi huondoka wodini wakiwa na maagizo yaliyotungwa kwa ajili ya nyumba wasiyokuwa nayo. Mwenye kifua kikuu huambiwa alale chumba cha peke yake. Mwenye pumu huambiwa akae mbali na moshi wa jiko. Mama aliyejifungua huambiwa apumzike mahali penye utulivu, na mwenye kisukari huambiwa ahifadhi insulini kwenye jokofu. Maagizo hayo ni sahihi kitabibu. Lakini kwa familia ya watu watano inayoishi katika chumba kimoja cha kupanga Manzese, Tandale au Buguruni, jijini Dar es Salaam, mengi hayatekelezeki. Agizo lisilotekelezeka humwachia mgonjwa machaguo mawili: kusema uongo siku ya kliniki, au kutorudi kliniki kabisa.

Kwa sababu hiyo, udogo wa makazi ni jambo la tiba sawa na kipimo na dozi. Mhudumu wa afya asiyejua mgonjwa wake analala wapi, na nani, na jiko liko umbali gani kutoka kitandani, anatibu nusu ya ugonjwa. Naye mgonjwa akijua namna ya kukipanga chumba chake, aweza kujikinga na madhara mengi hata kabla kipato chake hakijamruhusu kuhamia kwingine.

Nyumba ya kupanga iliyozoeleka zaidi mjini Dar es Salaam ni ile iitwayo nyumba ya Kiswahili: ukumbi mwembamba katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, na ua nyuma wenye jiko, bafu na choo. Muundo huo ulikiachia chumba kazi ya usingizi na uhifadhi wa nguo. Kupika kulifanyika uani, na mazungumzo barazani. Leo aghalabu kila chumba kina kaya yake. Sehemu ya ua imejengwa vyumba zaidi, na baraza pengine limekuwa duka. Chumba kimebaki na ukubwa uleule ilhali kazi zake zimeongezeka: ni mahali pa kulala, kupika, kusomea, kuogeshea mtoto, kuuguzia mgonjwa na kupokelea wageni. Hata katika fleti mpya za ghorofa, kaya yenye chumba na sebule hukabiliwa na hali inayokaribiana na hiyo.

Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa huhesabu kuwa kaya ina msongamano pale watu zaidi ya watatu wanapotumia chumba kimoja. Familia nyingi za mjini zimevuka kiwango hicho, wala si kwa kupenda. Nyumba kubwa hutenganisha mambo kwa kuta. Chumba kimoja hakina kuta za kutosha, kwa hiyo mambo yapaswa kutenganishwa kwa njia nyingine mbili, nazo ni saa na kimo. Yasiyoweza kukaa mbalimbali kwa ukuta yafanyike kwa nyakati mbalimbali. Na yasiyoweza kupewa wakati tofauti yawekwe moja juu, jingine chini.

Hewa

Chumba cha meta tatu kwa tatu, chenye dari ya meta 2.7, kina hewa ya meta za ujazo 24 hivi. Mtu mzima aliyelala huvuta takriban lita sita hadi saba za hewa kwa dakika. Watu wazima watano wakilala humo saa nane, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, kiasi cha hewa kinachopita mapafuni mwao chakaribia theluthi mbili ya hewa yote ya chumba. Kwa maneno mengine, kabla ya alfajiri kila mmoja amevuta hewa iliyokwisha kutoka kifuani mwa mwenzake. Kama mmoja wao ana kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, hiyo ndiyo njia ya maambukizi. Mwaka 2023, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani na milioni 1.25 walifariki kwa ugonjwa huo.

Katika familia nyingi mgonjwa wa kifua kikuu hutengewa kikombe, sahani na kijiko. Utengano huo humwumiza moyo na haumkingi mtu yeyote, kwa kuwa bakteria wa kifua kikuu hawaenezwi kwa vyombo. Huenezwa kwa hewa, pale mgonjwa anapokohoa, kuimba au kuzungumza. Kikombe kimetengwa, dirisha limefungwa: familia imejihadhari na kisicho na hatari na kuiacha hatari yenyewe.

Thamani ya dirisha imepimwa. Utafiti uliofanyika katika hospitali za jiji la Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa katika vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa katika kipimo cha kati. Vyumba vya kisasa vyenye mitambo ya kusukuma hewa vilifikia mara 12. Vyumba vilivyopitisha hewa vizuri zaidi vilikuwa vya majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa. Somo lake kwa mpangaji ni dogo na la bure: kitasa cha dirisha ni kifaa cha tiba.

Watu hufunga madirisha kwa sababu za msingi: wezi, mbu, vumbi na macho ya wapita njia. Kuwaambia wafungue tu, pasipo kuzijibu sababu hizo, ni kupoteza maneno. Nondo huzuia mwizi na kuruhusu upepo. Wavu wa mbu uliopigiliwa kwenye fremu huzuia mbu, almuradi usafishwe vumbi kila baada ya wiki chache, maana wavu ulioziba vumbi hupunguza hewa. Pazia jepesi lililofungwa nusu ya chini ya dirisha huzuia macho na kuacha nusu ya juu wazi. Kabati lililoegemezwa dirishani lihamishwe, hata kama kuhamishwa kwake kutapunguza nafasi ya kupita.

Hewa hupita chumbani iwapo ina pa kuingilia na pa kutokea. Katika nyumba ya Kiswahili mlango wa chumba hufungukia ukumbini. Kwa hiyo mlango wa ua na mlango wa mbele vikiwa wazi, kila chumba hunufaika. Hili ni jambo la kukubaliana wapangaji wote pamoja na mwenye nyumba. Saa ya kufungua yaweza kupangwa: watu wakisha kuamka, mlango na dirisha vifunguliwe kwa pamoja, na magodoro yageuzwe. Usiku, kama mlango haufunguliki, matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha yasizibwe kwa gazeti wala kitambaa.

Mgonjwa wa kifua kikuu asiye na chumba chake alale upande ambao hewa hutokea. Upande huo hutambulikana kwa kuning'iniza uzi mwepesi dirishani na kutazama unakopeperukia. Ukipeperukia nje, mgonjwa alale karibu na dirisha. Ukipeperukia ndani, alale karibu na mlango ambako hewa inaelekea. Mchana akae barazani au uani kadiri awezavyo, na akohoapo afunike mdomo. Kilicho muhimu kuliko mpangilio wowote ni dawa. Matibabu sahihi yakianza, uwezo wa mgonjwa kuambukiza hushuka haraka, na maambukizi mengi ya nyumbani huwa yametokea kabla hajagunduliwa. Kwa hiyo wote wanaolala naye waitwe kupimwa. Watoto walio chini ya miaka mitano na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wakithibitika hawana ugonjwa, wapewe tiba kinga.

Moto

Moto ndani ya chumba kimoja una hatari tatu, na kila moja ina kimo chake. Moshi wa moto hupanda, kwa hiyo huhitaji tundu la juu la kutokea. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujikusanya sakafuni na uvunguni mwa kitanda, kwa hiyo huhitaji mlango wa kutokea. Kaboni monoksaidi, itokanayo na mkaa, ina uzito unaokaribia ule wa hewa. Huchanganyika chumba kizima, na hakuna kimo kilicho salama kwake.

Hii ya tatu ndiyo inayoua kimya kimya. Haina rangi, haina harufu. Himoglobini ya damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Jiko la mkaa lililoacha kutoa moshi na kubaki na makaa mekundu laonekana kuwa salama, na ndipo watu huliingiza ndani wakati wa mvua au baridi ya alfajiri, ili kuchemsha maji ya mtoto au kumpasha joto mzazi. Makaa hayo mekundu yangali yanatoa sumu. Kanuni yake haina nafasi ya mjadala: jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo.

Kwa mhudumu wa afya dalili zake ni rahisi kukosewa. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi mzito hufanana na mwanzo wa malaria au njaa. Watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakifika zahanati asubuhi moja na malalamiko hayohayo, bila homa, na hasa wakisema wamepata nafuu walipotoka nje, swali la kwanza liwe juu ya jiko. Kipima oksijeni cha kidoleni kisiaminiwe hapo, kwa sababu kifaa cha kawaida hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi. Chaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini. Mgonjwa aondolewe kwenye hewa hiyo, apewe oksijeni kwa kiwango cha juu na apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Chetezo cha udi au ubani nacho hutumia makaa. Hakuna haja ya kuiacha desturi. Chumba kifukizwe watu wakiwa nje, kisha chetezo kitolewe na dirisha lifunguliwe kabla ya kulala. Dawa ya mbu ya kuchoma yahitaji tahadhari kubwa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliopima aina zilizouzwa China na Malaysia, ulikuta kuwa kipande kimoja kikiungua chote hutoa chembechembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Kumchomea mtoto mwenye pumu dawa hiyo usiku kucha, katika chumba kilichofungwa, ni kumkinga na mbu kwa kumwumiza mapafu. Chandarua hufanya kazi hiyo bila moshi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwamo zaidi ya 237,000 vya watoto walio chini ya miaka mitano. Tanzania imejiwekea mkakati wa miaka 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kaya inayohamia gesi yapaswa kufundishwa kuwa mtungi husimama wima, hauwekwi uvunguni wala karibu na jiko la mkaa. Harufu ya gesi ikisikika, mlango hufunguliwa kwanza. Swichi ya taa isiguswe, wala kiberiti kisiwashwe.

Kwa wasioweza bado kuacha mkaa, saa ndiyo ukuta wao. Kupika kufanyike uani au barazani, na chakula kinachochukua muda mrefu, kama maharage, kipikwe mchana wakati watoto wadogo wako na mtu wa kuwaangalia nje. Jiko likae juu ya meza imara ya mawe au matofali, kwa kuwa jiko la sakafuni liko kwenye kimo cha mikono ya mtoto anayetambaa. Akiungua, sehemu hiyo imwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na mafuta visipakwe.

Maji

Mgao wa maji hulazimisha kaya kuhifadhi ndoo, madumu na mapipa, mara nyingi nyuma ya mlango au uvunguni. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na mwaka 2019. Mbu wake, Aedes, huzaliana katika maji ya aina hiyohiyo: masafi, yaliyotulia, karibu na watu. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi kumzuia.

Jike hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi, na yakilowa tena huanguliwa. Kumwaga maji tu hakutoshi. Pipa lisuguliwe kwa brashi mara moja kwa wiki, kwa kuwa safari ya kutoka yai hadi mbu huchukua siku saba hadi kumi hivi. Siku ya kufua ndiyo siku nzuri ya kusugua mapipa. Maji ya kunywa yakae katika ndoo yenye kifuniko na bomba, kwenye stuli, ili kikombe wala mkono visizamishwe ndani.

Usingizi

Mpangilio unaokutwa katika vyumba vingi ni huu: wazazi na mtoto mchanga kitandani, ndani ya chandarua; watoto wakubwa kwenye mkeka au godoro sakafuni, bila chandarua. Chandarua chenye dawa kilichogawiwa kliniki kinamkinga aliye juu, na mbu huenda kwa aliye chini. Mhudumu asiulize kama kaya ina chandarua. Aulize nani alilala nje ya chandarua usiku uliopita. Ndoano nne darini na kamba ndefu hutosha kuning'iniza chandarua cha pili juu ya mkeka, na asubuhi kikakunjwa na kufungwa juu ili nafasi irudi kwa matumizi ya mchana.

Mwanafunzi anayesomea taa baada ya wadogo kulala na mlinzi anayelala mchana huhitaji mapatano ya saa. Kaya iliyokubaliana saa ya kuzima redio na televisheni, na kuwapa wanaosoma pembe yenye taa iliyoelekezwa mezani, hupunguza ugomvi na huwapa wote usingizi.

Dawa na faragha

Dawa nyingi hutakiwa kukaa mahali pakavu pasipozidi nyuzi joto 30. Katika chumba cha bati kisicho na dari, sehemu ya juu ndiyo yenye joto zaidi, na dirishani kuna jua. Mahali pafaapo ni ukutani kusikopigwa na jua, mbali na jiko, kwenye kimo asichofikia mtoto. Mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, asitapishwe. Apelekwe kituo cha afya mara moja.

Asiye na jokofu asikate tamaa na insulini. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati kukiwa na mchanga unaoloweshwa maji, hupunguza joto. Chupa ya insulini hutiwa kwanza katika mfuko usiopenya maji. Mwaka 2021, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya kipimo kilichoiga joto la kambi ya Dagahaley, Kenya, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Mgonjwa na kliniki yake wapange, kwa msingi huo, ni chupa ngapi apewe kwa mara moja, ili akiba ibaki kwenye jokofu la kituo.

Faragha nayo yataka mpango. Katika chumba cha watu watano hakuna dawa ya siri. Kopo la vidonge hulia likitikiswa, na wapo walioacha dawa kwa kuogopa mlio huo. Kabla ya kumpa mgonjwa dawa za muda mrefu, mhudumu amwulize zitakaa wapi, nani ataziona, na saa ngapi anaweza kuzimeza bila kuulizwa. Saa ya dawa ichaguliwe kwa jibu hilo, mradi dawa yenyewe inaruhusu.

Maswali kabla ya kuruhusiwa

Maswali machache yaongezwe kwenye mazungumzo ya kumruhusu mgonjwa, na hayachukui zaidi ya dakika tano. Wangapi wanalala chumbani, na kila mmoja analala wapi? Chumba kina dirisha, nalo hufunguliwa saa ngapi? Mnapika wapi mvua ikinyesha? Maji yamehifadhiwa ndani ya nini? Nani analala nje ya chandarua? Dawa hizi zitakaa wapi? Mgonjwa akichora mraba juu ya karatasi na kuonyesha kitanda, mlango, dirisha na jiko, mhudumu ataona katika mchoro huo mambo ambayo faili haliyasemi.

Mgonjwa naye ana haki ya kuanza mazungumzo hayo. Akipewa agizo lisilowezekana nyumbani kwake, aseme palepale: "Daktari, mimi naishi chumba kimoja na watu wanne, hili nitalifanyaje?" Kauli hiyo si utovu wa adabu wala si ukaidi. Ni sehemu ya historia ya ugonjwa, na daktari aliyeisikia hulazimika kulipanga upya agizo lake mpaka liingie katika chumba kilichopo.